Kisima cha Lamu hakikauki, huingia munyu

Mwezi wa pili, kaskazi ikiwa imekaza, mama mmoja mtu mzima wa mtaa wa Langoni aliniita kwake. Alinichotea maji ya kisima kwa kikombe cha bati, akanipa. "Hebu onja, mwanangu. Mai haya yana munyu, au ni ulimi wangu tu?"

Nikaonja. Ulimi wake haukuwa na kosa. Hata hivyo nikatoa kipimo changu cha chumvi mfukoni, nikakitumbukiza kikombeni, naye akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Kwani huniamini?" Nikamwambia namwamini, mama, ila ulimi hauniachii tarakimu ya kuandika daftarini.

Maji ya chini ya ardhi ndiyo kazi yangu, na swali la mama yule ndilo ninaloulizwa zaidi hapa mjini. Watu wengi hudhani kisima huisha kwa kukauka, kama visima vya bara. Kwetu kisiwani mambo ni mengine. Ndoo itashuka na kupanda na maji siku zote. Kinachobadilika ni maji yenyewe.

Maji matamu tunayokunywa Lamu, kwa sehemu kubwa, ni mvua iliyozama katika matuta ya mchanga ya Shela. Mchanga ule hunyonya mvua kabla haijapata kutiririka baharini, na visima vinavyolisha mji vimechimbwa nyuma ya matuta hayo. Chini ya maji hayo matamu hakuna mwamba unaoyashikilia. Kuna maji ya bahari, yamepenya mchangani kutoka pande zote. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mvua, kwa hiyo yale matamu hukaa juu yake, kama tui zito linavyojitenga likapanda juu ukiliacha bakulini.

Sasa fikiria jahazi lenye shehena. Sehemu inayoonekana juu ya maji ni ndogo, iliyozama ni kubwa. Ukipakua mizigo, chombo huinuka. Maji matamu ya kisiwa hukaa vivyo hivyo. Mholanzi Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kivyake, walipiga hesabu yake zaidi ya miaka 100 iliyopita: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 zilizo chini ya usawa huo. Basi igeuze hesabu. Ukivuta maji mpaka usawa wake ushuke kwa sentimita 5 na ubaki hapo, mpaka wa chumvi utapanda polepole kuelekea kwenye mita 2. Haitokei siku hiyo hiyo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Pampu mpya hufungwa mwezi wa kumi, maji yanatoka safi, kila mtu anafurahi. Munyu hubisha hodi mwezi wa pili.

Na hauhitaji kuwa mwingi. Changanya kikombe kimoja cha bahari na vikombe 49 vya maji matamu, utakuwa umevuka miligramu 250 za kloridi kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema ulimi wa kawaida huanza kukitambua. Kuchemsha hakusaidii. Mvuke huenda zake na chumvi inabaki birikani, tena ikiwa kali zaidi.

Niseme na kosa langu. Nilipoanza kazi, nilikuja na elimu ya bara kichwani: kisima kikisumbua, chimba zaidi. Mwenye nyumba moja ya wageni alinilalamikia kwamba kisima chake kimekuwa cha chumvi, nikamshauri aongeze mita tatu. Akachimba. Tulichokipata hakikufaa hata kuoshea vyombo. Tulikuwa tumetoka kwenye sehemu iliyochanganyika tukaenda kuikaribia bahari yenyewe. Tangu siku hiyo, anayeniuliza kuhusu kina namjibu: kisima cha kisiwani huchimbwa kifupi na kipana, si kirefu na chembamba.

Kubwa kuliko yote ni namna ya kuvuta. Wazee waliochota kwa ndoo na kamba hawakuwa na uwezo wa kukiudhi kisima hata wangetaka. Walivuta kidogo, wakapumzika, maji yakajirudisha. Pampu ya umeme haipumziki. Inapovuta kwa nguvu mahali pamoja, chini ya kisima maji ya chumvi huumuka na kupanda kama kichuguu, yakafika mdomo wa bomba hata kama pembeni maji matamu bado yapo. Kwa hiyo, ukiwa na tangi la lita 1,000, usilijaze kwa mkupuo mmoja. Vuta kidogo asubuhi, kidogo adhuhuri, kidogo usiku. Pampu ndogo ni bora kuliko kubwa, nayo ni ya bei rahisi pia, ingawa fundi atakayekuuzia hatakwambia hivyo.

Halafu ndani ya nyumba. Nyumba zetu za kale za mawe zilikuwa na birika chooni, na mtu alijichotea kwa kata ya kifuu. Ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Hakuna aliyeoga kwa kata akamaliza maji ya mtaa. Sisemi tung'oe mabomba yetu, lakini kata bado inauzwa, na mkono unaochota huhisi kiasi ambacho mkono unaofungua bomba hauhisi.

Msikitini ni vivyo hivyo. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi ambacho hakifiki lita nzima. Siku moja kinga ndoo chini ya bomba unapotawadha, kisha utazame ulichotumia. Sitaki kukutajia langu la siku ya kwanza.

Bomba linalodondoka liwekee kikombe cha robo lita na utazame saa. Kikijaa kwa robo saa, umepoteza lita 24 kwa siku, na zote zimepita katika pampu ile ile tuliyoisema.

Mvua. Hili linaniuma. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, basi. Sakafu ya juu au mabati yenye mita za mraba 60, ikinyesha milimita 50, yanakupa lita 3,000 ukiacha zile chache zinazopotea. Masika yanatumwagia mvua namna hiyo mara nyingi, nasi tunaiacha ishuke kwa mifereji ya paani vichochoroni ikaoshe kinyesi cha punda mpaka baharini. Wenzetu wa Pate, Siyu na Ndau wanazijua jabia, yale matangi ya kale ya kukingia mvua, maana kwao maji matamu ya kisima ni shida tangu zamani. Ukianza kukinga, yaache maji ya mwanzo yapite, yanabeba vumbi na uchafu wa kunguru. Paa la makuti hutoa maji ya rangi ya chai. Hayo yafulie na uoshee nyumba, usiyanywe.

Maji ya kufulia na ya kuoshea vyombo mpe mpapai au mgomba. Ila kama kisima chako kimeshaingia munyu, angalia majani: yakiungua pembeni, mti unakulalamikia.

Neno kuhusu mashimo ya choo. Mji wetu umebanana, shimo la huyu liko ukutani kwa kisima cha yule, na mchanga hauchuji kila kitu. Kisima cha ndani ya mji, hata kikiwa kitamu, kitumie kwa kuoshea. Wapo pia wanaofunga mashine za kuondoa chumvi, kisha maji makali yanayobaki wakayamwaga katika shimo la uani. Yanarudi kule kule yalikotoka, yakiwa na chumvi zaidi.

Kuhusu mazingira kwa jumla, huwa naulizwa zaidi habari za plastiki, na nafurahi kuulizwa. Mifuko ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na mwaka uliofuata mafundi wa hapa Lamu wakashusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa taka za plastiki na kandambili. Vijana hujitokeza kusafisha ufuo na kupanda mikoko, na wajitokeze hivyo hivyo. Ninachoomba ni kwamba wachache wao wageuze macho nyuma ya ufuo, kwenye matuta. Mchanga usichukuliwe kwa ujenzi. Majani yanayotambaa juu yake yasing'olewe, ndiyo yanayoushika, upepo usiuhamishe. Kila jengo linalopanda juu ya matuta linakuja na shimo lake la choo, juu kabisa ya maji tunayokunywa. Miezi ya ukavu, Desemba hadi Machi, ndiyo hiyo hiyo wageni wanapojaa mjini.

Mama wa Langoni alinunua pampu ndogo, mwanawe akaifunga, nasi tunapima kila baada ya bamvua, siku zile bahari inapojaa na kupwa sana. Ukitaka na kisima chako kipimwe, niletee maji barazani baada ya Alasiri. Chupa isuuze mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho, ijaze mpaka juu, uifunge. Andika juu yake mtaa, tarehe, saa uliyochota, bahari ilikuwa imejaa au imekupwa, na kama pampu ilikuwa imewaka au imezimwa. Hilo la pampu msilisahau, tafadhali.