Faili limekwama kwenye foleni ya AS/400: usilitume tena

Saa mbili usiku, mwisho wa mwezi, simu ikalia. Dada anayeendesha AS/400, kompyuta ya biashara ya IBM, katika tawi la Arua alisema faili la mauzo halijafika Kampala, na ameshalituma mara tatu. Nikamsihi asilitume mara ya nne.

Amri ya SNDNETF, ya kutuma faili kwa mtandao, haifikishi faili upande wa pili. Inaliweka kwenye foleni tu, kisha inasema kazi imekwisha. Kila ukiirudia unaongeza mzigo mwingine nyuma ya ule wa kwanza, na njia ikifunguka yote inaondoka. Anayepokea akitumia RCVNETF, amri ya kupokea, yenye MBROPT(*ADD), rekodi zinaongezwa juu ya zilizopo. Mauzo yakihesabiwa mara mbili, nimewahi kuona sukari "ikipungua" stoo kwa njia hiyo hiyo, na mtunza stoo asiye na kosa akaulizwa maswali siku nzima. Ndiyo maana nalishikilia jambo hili.

Mahali pa kuanzia ni WRKDSTQ, amri inayoonyesha foleni za kutuma. Soma idadi ya mizigo na hali ya foleni, na usiguse kitu kabla hujaelewa hali hiyo. Kama foleni imezuiwa na mtu, muulize kwanza kwa nini, ndipo uifungue kwa RLSDSTQ. Kama foleni haimo hata kazini, tazama kazi zinazoendelea kwa WRKACTJOB SBS(QSNADS); QSNADS ndio mfumo mdogo unaotuma mizigo ya foleni. Umeme ukikatika na mashine ikawashwa upya, mfumo mdogo wa QSNADS huenda haukuanzishwa; STRSBS QSNADS inatosha.

Hali ya foleni ikionyesha majaribio ya kutuma yamekwisha bila kufaulu, tatizo liko kwenye njia. Fungua WRKCFGSTS uone hali ya laini, kontrola (inayowakilisha mashine ya upande wa pili) na kifaa. Ukikuta RCYPND (inangoja kurejeshwa) kwenye kontrola, soma ujumbe wa mwendeshaji kwa DSPMSG QSYSOPR: mara nyingi kuna swali linalosubiri jibu. Mtandao ulipokatika mashine ilijaribu mara chache, ikasimama, ikauliza iendelee au iache. Kebo inaweza kuwa imeshatengenezwa tangu asubuhi, lakini kontrola bado imekaa inamngoja mtu. Jibu R, yaani ijaribu tena; kontrola ikiamka ndipo uifungue foleni.

Ila Arua haikuwa hivyo. Laini ilikuwa hai, foleni haikuzuiwa na mtu, na hali ilionyesha inangoja. Inangoja nini? Nikaingia CFGDSTSRV, mahali pa kupangia foleni hizi, na kukuta kina cha kutuma upande wa kawaida kimewekwa 5. Maana yake foleni haiondoki mpaka mizigo itimie mitano, kama teksi ya kituo cha Old Park, Kampala, isiyotoka mpaka viti vijae. Aliyeiweka hivyo alikuwa na sababu: zamani laini ya simu ililipiwa kwa dakika, na kupiga mara moja kwa mizigo mitano kulipunguza gharama. Laini ikabadilishwa, namba ikabaki. Siku za kawaida tawi lilituma mafaili mengi, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Jioni ile lilikuwa moja.

Angalia pia saa za kutuma kwenye ukurasa huo huo, na ukumbuke kwamba foleni ina pande mbili, ya kawaida na ya haraka, kila upande na kina chake. Watu hurekebisha mmoja na kuusahau wa pili.

Tulibadilisha 5 kuwa 1, na mizigo mitatu ikaondoka. Kampala, ndugu wa zamu alifungua WRKNETF, orodha ya mafaili yaliyofika, akaona mafaili matatu yenye jina moja. RCVNETF ikamkatalia, kwa sababu FILENBR, namba ya faili, ilikuwa *ONLY ("lile moja tu"), na faili halikuwa moja. Nikamwambia alinganishe idadi ya rekodi, apokee moja kwa kutaja namba yake, kisha afute mawili yaliyobaki kwa DLTNETF. Alinisomea namba hizo kwenye simu, moja moja, kabla ya kubonyeza Enter.