Ujumuishi katika elimu ya muziki: maana yake hasa ni nini?

Watu wengi wakisikia "elimu jumuishi ya muziki" huwaza mtoto mwenye ulemavu aliyeketishwa pembeni na kupewa manyanga atikise huku wenzake wakipiga vinanda. Jina lake limo kwenye orodha ya darasa, na siku ya tamasha anapigiwa makofi kuliko wote. Ila muziki hajafundishwa. Amekaribishwa tu, na kukaribishwa peke yake sio ujumuishi.

Tuanze na haki ya kijamii. Kwenye muziki, maana yake ni kwamba mwili wa mtu, jinsia yake, kabila lake au kipato cha wazazi wake visiwe ndivyo vinavyoamua kama atajifunza na atafika wapi. Jambo hili si hisani. Kifungu cha 27 cha Tamko la Haki za Binadamu la 1948 kinampa kila mtu haki ya kushiriki katika utamaduni wa jamii yake. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 30, unaongeza kwamba watu hao wawezeshwe kukuza vipaji vyao vya sanaa, si kwa faida yao tu bali pia kwa kuitajirisha jamii. Naupenda sana usemi huo wa mwisho, kwa sababu unakiri kwamba tukimfungia mtu nje na sisi tunakosa.

Ujumuishi basi ni kazi ya kuifikisha haki hiyo darasani. Kinachobadilishwa ni ufundishaji, ala, noti na mitihani. Mwanafunzi haambiwi ajikunje mpaka alingane na vitu hivyo.

Chukua piano. Oktava moja, yaani vibao saba vyeupe, ina upana wa takriban milimita 165. Mwenye kiganja kikubwa huipiga bila kufikiri. Mwenye kiganja kidogo, na wengi wao ni wanawake na watoto, hutanua vidole mpaka mshipa wa kando ya gumba unakaza, sauti inatoka ngumu, na mwalimu anaandika kwamba mwanafunzi hana ulaini. Kumbe zipo piano zilizotengenezwa kwa vibao vyembamba zaidi, na mtu yuleyule akikaa mbele yake kipande kilekile kinatiririka. Mkono wake haukuwa na kasoro. Kipimo cha ala kilichaguliwa na watu, na watu wanaweza kuchagua kingine. Hapo ndipo usawa na haki vinapoachana: usawa unampa kila mtu piano ileile, haki inauliza piano hiyo ilitengenezwa kwa mkono wa nani.

Evelyn Glennie wa Scotland alikuwa na uziwi mkubwa alipofika umri wa miaka 12, naye alitaka kupiga ngoma. Mwalimu wake hakumpa kazi nyepesi. Alimtaka aweke viganja ukutani huku yeye akipiga ngoma kubwa za okestra, na msichana akajifunza kuzitambua sauti kwa mahali mtetemo unapogusa mwilini. Royal Academy of Music ya London ilimkataa mwanzoni, kwa kuwa haikuona mwanamuziki kiziwi angekuwa na mustakabali gani. Alidai apimwe kwa upigaji wake, akapokelewa, na baadaye akawa mpigaji mashuhuri duniani. Mwalimu yule hakushusha kiwango hata kidogo. Alibadilisha njia ya kukifikia.

Vivyo hivyo kwa wasioona. Louis Braille, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga kinanda kanisani, alipochapisha mfumo wake wa nukta nundu mwaka 1829 aliuwekea na alama za muziki. Noti zipo, basi, kwa karibu miaka 200. Lakini mkono unaosoma hauwezi kupiga kwa wakati huohuo, kwa hiyo mwanafunzi husoma kidogo kwa mkono mmoja, hupiga kwa mwingine, hubadilisha, kisha huhifadhi vyote kichwani. Mwalimu anayelijua hilo atampa wimbo wiki kadhaa kabla ya wenzake. Asiyelijua atasema ni mzito wa kuelewa.

Dhana hii haiishii kwenye ulemavu. Kuna swali la muziki wa nani unahesabiwa kuwa muziki. Shule nyingi hupima uwezo kwa kusoma noti za mistari mitano, ilhali sehemu kubwa ya muziki wa dunia hufundishwa kwa sikio, mdomo kwa mdomo. Kijana anayeweza kusikia wimbo mara moja, akaupiga, akauhamishia sauti nyingine na kuupambia papo hapo, akiwekewa karatasi anaitwa hajui muziki. Sisemi noti zisifundishwe. Zinafungua milango mingi. Ninalolipinga ni kuzifanya mlango pekee wa kuingilia, kisha kushangaa kwa nini walioingia wote wametoka nyumba zilizomudu mwalimu wa binafsi.

Upendeleo mwingine umejificha masikioni mwa wanaopima. Okestra nyingi za Marekani, hasa tangu miaka ya 1970, ziliweka pazia kati ya mwombaji na majaji, na nyingine zikatandika zulia ili mlio wa kisigino usimsaliti mwanamke. Pazia lilisaidia. Hata hivyo linafanya kazi mwishoni tu mwa safari, pale mtu ameshasoma miaka 15 au 20 na anayo ala mkononi. Aliyekosa fidla ya kufanyia mazoezi akiwa na miaka minane hafiki nyuma ya pazia hilo, ndiyo maana ala za kuazima na masomo ya bure kwa watoto wadogo ni sehemu ya maana ya ujumuishi.