Jazz ya Morogoro si jazz ya New Orleans

Wengi wakisoma majina kama Morogoro Jazz, Western Jazz au Nuta Jazz huamini kuwa wazee wetu walikuwa wakipiga jazz ya Kimarekani. Sivyo. Jazz iliyozaliwa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20 ni mtindo: mdundo wa kuyumba, na mpigaji kubuni sauti papo hapo. Huku kwetu neno hilo lilitaja bendi yenyewe, yaani kundi la dansi lenye magitaa, ngoma na matarumbeta. Sikiliza gitaa la Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz: ni dansi, yenye rumba ndani yake, na ni tamu kwa namna yake. Kinshasa nako, OK Jazz ya Franco, iliyoanzishwa 1956, ilipiga rumba.

Kuna na "jazi" nyingine, ya zamani zaidi. "Mungu akujazi" maana yake akulipe mema. Asili yake ni Kiarabu, wala haihusiani na kujaza kikapu, ingawa nimeshasikia ikifafanuliwa hivyo mara nyingi. Mathayo 6:4 inasema Baba aonaye sirini "atakujazi": atakupa thawabu.