Kuchana chini ya maji

Kila mwaka huwa napokea vijana wachache wanaotaka kujifunza kuongoza video za muziki, na siku ya kwanza siwashikishi kamera. Nawawekea kichupa kimoja, yaani video ya wimbo, nazima sauti, nawaambia watazame. Ni cha msanii wa Kisamoa, King Kapisi, wimbo "Sub-Cranium Feeling" wa mwishoni mwa miaka ya 1990. Jamaa yuko chini ya maji na anachana, yaani anarap. Kikiisha nauliza: huyu anaimba nini? Hawajasikia hata neno moja, ila majibu hayapishani sana. Kwao. Safari. Kitu alichokiacha mbali.

Kapisi jina lake ni Bill Urale. Familia yao ilitoka Savaiʻi, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Samoa, ikahamia Wellington, New Zealand, mwaka 1974. Ulikuwa mwaka mbaya kwa mtu wa Pasifiki kufika huko. Viwanda vya New Zealand vilikuwa vimewahitaji sana watu wa visiwani, na muda wa viza ukipita hakuna aliyejali. Uchumi ulipoyumba, ndipo ikakumbukwa kwamba wamezidisha muda. Polisi wakaanza kugonga milango alfajiri, watu wakiwa bado na nguo za kulalia. Takwimu za katikati ya miaka ya 1980 zinasema kila kitu: watu wa Pasifiki walikuwa kama theluthi moja ya waliopitiliza viza, lakini asilimia 86 ya walioshtakiwa. Waliotoka Uingereza na Marekani nao walikaribia theluthi moja, lakini walikuwa asilimia 5 tu ya walioshtakiwa. Kapisi alipoanzisha nguo zake mwenyewe aliziita Overstayer, yaani aliyepitiliza muda. Tusi likawa fulana, na watu wakainunua.

(Kwa wasomaji wangu wa Tanzania wanaoona Samoa ni mbali mno: Samoa ya magharibi ilikuwa ya Mjerumani kuanzia 1900 hadi 1914, na Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa Mjerumani hapa kwetu, alikuwa ofisa huko kabla hajaletwa Dar es Salaam. New Zealand iliichukua baada ya hapo, hadi uhuru wa tarehe 1 Januari 1962.)

Mwaka 1999 wimbo wake mwingine, "Reverse Resistance", ulishinda Silver Scroll, tuzo ya utunzi yenye heshima kubwa New Zealand. Hakuna mchanaji aliyewahi kuipata kabla yake. Hapa pana jambo: tuzo ile hupewa utunzi, haipewi mauzo wala umaarufu. Siku zile hata kwetu mtu akikwambia anachana, mzee wa mtaa anakuuliza, "Na kuimba utaanza lini?" Mwaka uliofuata ikatoka albamu yake ya kwanza, *Savage Thoughts*.

Ila mimi ni mtu wa picha, na kinachonirudisha kwa Kapisi ni dada yake.

Sima Urale ndiye aliyeongoza kichupa kile cha majini. Wakati huo alishakuwa na Simba wa Fedha wa tamasha la filamu la Venice, tuzo ya filamu fupi, aliyoipata mwaka 1996 kwa *O Tamaiti*. Ni filamu ya kama dakika 15, haina rangi, inawahusu watoto wa familia ya Kisamoa wanaoleana wenyewe kwa wenyewe. Kamera imeshushwa kwenye kimo cha mtoto. Watu wazima wanapita juu juu, unaona mapaja, mikono, sauti zao zinatoka mahali ambapo hujaonyeshwa. Hakuna anayekuhubiria kwamba watoto hawasikilizwi. Umewekwa urefu wao, basi, utajua mwenyewe.

Alichokifanya kwa mdogo wake ni kilekile. Dairekta wa kawaida angemsimamisha Kapisi ufukweni, bahari nyuma, upepo kwenye shati, jua linazama. Nimeshazishuti za namna hiyo na zimenilipia kodi. Lakini bahari iliyo nyuma ya mtu ni pazia tu. Kwa Msamoa wa Wellington bahari ndiyo njia iliyowaleta wazazi wake, na ndiyo iliyolala kati yake na makaburi ya babu zake. Kwa hiyo Sima akamtia majini.

Sasa kazi yenyewe, maana wengi hudhani ni suala la kuwa na bwawa na kamera isiyoingia maji.

Tatizo la kwanza ni mapafu. Ukijaza hewa, unaelea. Ukiitoa, unazama vizuri, ila mapovu yanakufunika uso na mistari inapotea. Msanii inabidi afungwe uzito kiunoni, abane koo, kisha achezeshe taya na midomo kana kwamba anatoa sauti. Jaribu hapo ulipo. Bana pumzi, chana kimyakimya kwa kasi ya kawaida, uone utafika wapi. Baa nne, yaani mapigo 16, kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika ni kama sekunde 11, na kwa mtu asiye mpiga mbizi hizo ni nyingi. Ndiyo maana vichupa vya majini hushutiwa vipande vipande, mpiga mbizi akisubiri pembeni ya fremu na mpira wa kupumulia, kisha mhariri anavishona.

La pili ni kusikia biti. Spika ya majini ipo, lakini sauti inayokwenda mita 340 kwa sekunde hewani hukimbia karibu mita 1,500 majini. Masikio hujua sauti imetokea upande gani kwa sababu sikio moja huipata mapema kidogo kuliko jingine. Majini tofauti hiyo inakuwa ndogo mno, na mtetemo unapitia kwenye mfupa wenyewe. Unaisikia biti kama inapigwa ndani ya fuvu. Jina la wimbo ukilileta kwa Kiswahili ni kama "hisia iliyo chini ya fuvu", na kila nikifika hapa darasani huwa nanyamaza kidogo waunganishe wenyewe.

Halafu rangi. Maji hula wekundu kwanza, ndani ya mita chache tu, na ngozi nyeusi au ya kahawia ikikosa wekundu inageuka kijivu cha maiti. Dawa ni kukaa karibu na uso wa maji, au kushuka na taa na kuzisogeza kwake. Kioo bapa cha boksi la kamera nacho hukuza kila kitu kwa kama theluthi moja, mtu anajaa kwenye fremu kuliko ulivyopanga. Na ukitaka mwili uende taratibu lakini midomo ifuate wimbo, unaongeza kasi ya kamera na kasi ya plebeki, yaani wimbo anaoufuatisha msanii, kwa pamoja: fremu 30 kwa sekunde badala ya 24, wimbo ukipigwa haraka kwa robo zaidi. Mwimbaji wa taratibu atakushukuru. Mchanaji atakutukana.

Kuhusu pesa nitasema kwa kifupi. Siku hizo shirika la umma la NZ On Air lilikuwa likitoa ruzuku ya dola 5,000 za New Zealand kwa video moja. Ukiwa na filamu, taa na wapiga mbizi, hiyo inaisha kabla ya chakula cha mchana. Hapo ndipo kuwa na dada mwenye tuzo ya Venice kunasaidia kuliko lebo yoyote.

Mimi nilijaribu kuiga mwaka 2014, usiku, kwenye bwawa la hoteli moja ambayo sitaitaja kwa sababu walikuwa wamesahau kutuambia klorini imetiwa jioni ileile. Msanii alifumbua macho mara tatu, ya nne akakataa. Shati lilipanda likamfunika kichwa, kwa kuwa sikufikiria kulibana kiunoni. Boksi la kamera likaanza kuvujisha tone moja moja upande wa kulia. Tulitoka pale saa nane usiku, macho mekundu, na nilipokaa kuediti nikapata kipande kimoja kilichofaa, cha sekunde 11. Bado ninacho. Anachana baa nne, pumzi inamwisha, na kabla hajapanda juu anatazama kamera kama mtu aliyesahau kwamba wengine wapo.