Walatino na chuo kikuu: tunayoyasikia na yaliyopo

Tuanze na jina, maana Kiswahili chenyewe kinatutega hapa. Kwetu Mhispania ni mtu wa Hispania, nchi ya Real Madrid na Barcelona. Mmarekani akisema Hispanic ana watu wengi zaidi kichwani: yeyote mwenye asili ya nchi inayozungumza Kihispania, awe Mkuba mweusi ti, Mwajentina mwenye nywele za dhahabu, au Mmaya wa milimani Guatemala ambaye Kihispania amekikuta shuleni. Mtu wa Madrid yumo. Mbrazili anayezungumza Kireno, kwa hesabu za serikali, hayumo. Wenyewe wengi hujitaja kwa nchi ya wazee wao, na wengine husema Latino. Nami nitawaita Walatino, tusije tukachanganyana.

Sensa ya 2020 iliwakuta milioni 62.1, karibu mmoja katika kila wakazi watano wa Marekani. Kundi la ukubwa huo halikosi kuzuliwa mambo.

La kwanza: "Wengi hawana karatasi, chuo watakiingilia wapi?" Hili nalisikia hata kwa Waswahili wenzetu ambao wenyewe bado wana vumbi la uwanja wa ndege viatuni. Ukweli ni kwamba takriban theluthi mbili ya Walatino wamezaliwa Marekani, na wanne katika kila watano ni raia. Watu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917, kwa hiyo akihamia New York amehama mji tu. Na hata huyo asiye na karatasi, hakuna sheria ya nchi nzima inayokataza chuo kumpokea, ingawa yapo majimbo machache ya kusini yaliyomfungia baadhi ya milango. Kinachomkaba ni ada. Serikali kuu haimpi ruzuku wala mkopo. Texas na California ziliamua mwaka 2001 kwamba aliyesoma sekondari ndani ya jimbo atozwe ada ya mwenyeji, ambayo ni ndogo mno kuliko ya mtu wa nje. Texas ilidumu na utaratibu huo hadi tarehe 4 Juni 2025. Siku hiyo serikali kuu iliushitaki mahakamani, wakubwa wa jimbo wakakubali bila kubishana, na siku hiyo hiyo ukafa.

Wapo pia wanaosema lugha ndiyo inayowaangusha. Si kweli kwa walio wengi: zaidi ya Walatino saba katika kila kumi, kuanzia umri wa miaka mitano, wanazungumza Kiingereza vizuri. Na anayedhani elimu ya juu ni kitu kigeni kwa watu wa Kihispania, akumbuke kwamba Chuo Kikuu cha San Marcos, kule Lima, Peru, kilipewa hati ya mfalme wa Hispania mwaka 1551. Harvard ya Marekani ilizaliwa 1636.

Sasa lile zito, linalosemwa kwa sauti ya chini na walimu, maofisa, hata majirani: "Wazazi wao hawathamini shule."

Hapa lugha inatusaidia kuona asili ya kutoelewana. Kwa Kihispania, mtoto aliye "bien educado" si lazima awe na cheti hata kimoja. Ni mtoto anayesalimu, anayesimama mkubwa akiingia, asiyemkatiza bibi maneno. Mswahili anaielewa tofauti hii bila kufundishwa, kwani nasi tunao wale tunaosema wamesoma lakini hawakufunzwa. Basi mwalimu anamuuliza mama Mlatino kama anasimamia elimu ya mwanawe, mama anajibu kwa fahari kwamba mtoto ana heshima na hana ugomvi na mtu, na mwalimu anaandika kwenye daftari lake kwamba mzazi hajali masomo.

Historia nayo inakataa. Huko Orange County, California, Gonzalo na Felicitas Méndez walikataliwa kuwaandikisha watoto wao katika shule ya watoto wa Kizungu, wakaelekezwa ile ya "Wamexico". Hawakunyamaza. Wao na familia nyingine nne walizishitaki wilaya za shule, wakashinda 1946 na tena kwenye rufaa 1947, miaka saba kabla ya hukumu ya Brown, ile iliyopiga marufuku kutenga shule za umma kwa rangi. Tomás Rivera alizaliwa Texas katika familia ya vibarua waliofuata mavuno jimbo kwa jimbo, na mwaka 1979 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha California, Riverside. Maktaba ya pale ina jina lake.

Tuje kwenye tarakimu. Walatino vijana walioacha sekondari bila cheti walikuwa asilimia 16.7 mwaka 2010. Kufikia 2021 walikuwa 7.8. Walioko vyuoni walikuwa milioni 1.5 mwaka 2000, na 2019 walifika milioni 3.8. Watu wasiothamini kitu hawakikimbilii namna hiyo.

Lakini tusijifariji kupita kiasi. Mwaka 2022, Walatino wenye miaka 25 na zaidi waliokuwa na shahada ya kwanza walikuwa kama asilimia 21, na Wazungu asilimia 42 hivi. Pengo ni kubwa. Ndani yake pia kuna mapengo: Wavenezuela walioko Marekani wana shahada kuliko wastani wa Marekani nzima, na Waguatemala wako chini sana. Ukisema "Walatino" umeshawachanganya daktari wa Caracas na mchuma matunda wa Huehuetenango.

Kama si uvivu wala dharau, wanakwamia wapi? Mimi naona wengi hukwama kwenye vitu vidogo vya kuchosha, visivyo na hadithi ya kusisimua.

Chukua meza ya jikoni, saa nne usiku. Kijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, raia, anajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu. Ndiyo mlango wa ruzuku ya Pell, ambayo mwaka 2024/25 ilifika dola 7,395 kwa aliye na hali ngumu zaidi, na hairudishwi, si kama fedha ya Bodi ya Mikopo inayokufuata hadi kwenye mshahara. Fomu haimtoshi kijana peke yake. Mzazi lazima awe na akaunti yake na akubali taarifa zake za kodi zisomwe. Mama ni Mhondurasi, hana namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii ambayo Marekani huitumia kumtambua mtu. Toleo jipya lililofunguliwa mwisho wa Desemba 2023, badala ya Oktoba kama kawaida, liliwakwamisha wazazi wa aina yake nchi nzima hadi Machi. Kijana anabonyeza, ukurasa unarudi palepale. Vyuo vingine tarehe zao za mwisho zinapita. Na hata mfumo ukiwa mzima, swali la mama linabaki lilelile: nikiandika jina langu hapa, nani mwingine atalisoma?

Kisha kuna njia ya chuo cha jamii, ambayo Walatino wengi huianza. Ada yake ni nafuu, kiko karibu, na unaweza kuendelea kulala nyumbani na kufanya kazi dukani jioni. Mpango ni kusoma miaka miwili kisha kuhamia chuo kikuu. Wanafunzi walio wengi, kama wanane katika kila kumi, huingia na ndoto hiyo. Kwa nchi nzima, watu wa rangi zote, takriban mmoja katika sita ndiye anayepata shahada ya kwanza ndani ya miaka sita. Wengine hufika chuo kikuu wakaambiwa krediti za masomo matatu au manne hazihesabiwi, warudie. Kurudia ni muhula mzima, na muhula ni kodi ya nyumba.

Limebaki moja, ambalo hata wasomi hulikosea: "Si wana vyuo vyao vya upendeleo, kama Weusi?" Vyuo vya Weusi vilianzishwa kwa ajili ya Weusi. Hivi vya Walatino, vinavyofahamika kwa kifupi HSI (Hispanic-Serving Institutions, yaani vyuo vinavyohudumia Walatino), karibu vyote havikuanzishwa kwa ajili ya Walatino. Sheria iliviweka kwenye kundi hilo mwaka 1992: chuo kisichotafuta faida, chenye wanafunzi wa hali ya chini wa kutosha, ambacho robo ya wanafunzi wake wa shahada za awali ni Walatino. Chuo Kikuu cha Arizona, kilichoanza karne ya 19, kilivuka mstari huo 2018. Leo viko kama 600, na vinabeba theluthi mbili hivi ya wanafunzi wa Kilatino. Kuvuka mstari hakukupi senti. Ni ruhusa tu ya kushindania ruzuku. Na ruzuku ikipatikana, maabara hujengwa kwa ajili ya wote. Mkongomani aliyepokelewa Tucson, Arizona, akajiandikisha Pima Community College yumo ndani ya HSI, pengine bila kujua. Hata hivyo 2025 jimbo la Tennessee na kundi la Students for Fair Admissions, linalopinga rangi ya mtu kuhesabiwa vyuoni, waliushitaki mpango huo kuwa ni ubaguzi. Serikali ikakataa kuutetea, na Septemba wizara ya elimu ikatangaza kusitisha takriban dola milioni 350 za vyuo vya makundi ya wachache, HSI vikiwemo.

Nimesema "karibu vyote". Hostos, chuo cha jamii kule South Bronx, New York, hakimo katika hivyo. Kiliundwa 1968 baada ya Wapuerto Rico wa mtaa kukidai, na watu walifundishwa humo kwa Kihispania huku wakijifunza Kiingereza. Mwaka 1976, jiji la New York likiwa limebanwa na ukata mkali, uamuzi ukawa kukifunga na kukimeza ndani ya chuo jirani. Wanafunzi, walimu na watu wa mtaani walikalia jengo, wakalala humo, wakapika humo. Kipo hadi leo, Grand Concourse na mtaa wa 149. Ukitoka kwenye treni ya chini ya ardhi unakiona.