Densiti ya kimiminika na namna ya kuipima

Densiti ni kiasi cha tungamo kilichomo katika kila kizio cha ujazo wa kitu. Lita moja ya maji ina gramu 1,000 hivi. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina gramu 920 hivi. Ujazo ni uleule, tungamo ni mbalimbali, na ndiyo maana mafuta huelea juu ya maji. Maabara huandika jibu kwa gramu kwa sentimita ya ujazo, yaani g/cm³.

Tungamo haisumbui, mizani nzuri yatosha. Wanafunzi wengi hukosea kwenye ujazo. Maji ndani ya silinda ya kupimia hayakai bapa: hupanda kidogo kwenye kuta za kioo na kubonyea katikati. Mpindo huo ni meniskasi, nao husomwa pale chini kabisa, jicho likiwa usawa mmoja nao. Ukitazama kutoka juu, utasoma namba iliyozidi. Inama, au chuchumaa ikibidi!

Chupa ya densiti huondoa usumbufu huo. Kizibo chake kina tundu jembamba. Ukijaza na kuziba, ziada hutokea tunduni, nawe unapangusa nje. Kila mara ujazo unakuwa uleule. Tuseme chupa ya 50 cm³ ina gramu 25.0 ikiwa tupu, na 76.5 ikijaa maziwa. Maziwa ni gramu 51.5, gawanya kwa 50, unapata 1.03 g/cm³.

Maziwa nimeyataja makusudi, kwa kuwa wafugaji hupimiwa densiti kila asubuhi kwenye vituo vya kukusanyia. Pale hutumika laktomita, kijiti cha kioo kinachoelea. Kikisoma 28, densiti ni 1.028. Maziwa yakitiwa maji, densiti hushuka na kijiti huzama zaidi. Joto nalo huishusha, kwa hiyo maziwa ya moto yaweza kumtia mfugaji mwaminifu mashakani bure. Lazima kipimajoto kiwepo na hesabu irekebishwe.

Tena laktomita hudanganyika. Malai ni mepesi kuliko maziwa yenyewe, hivyo ukiyaengua densiti ya maziwa hupanda. Mtu akiengua malai kisha akaongeza maji kwa kiasi, kijiti kitarudi palepale pa maziwa safi. Hila hiyo hugunduliwa kwa kupima pia kiwango cha mafuta.