Kiu ya nyanya za Dodoma: kwa nini ratiba ya Julai haifai Oktoba

Wakulima wengi wa nyanya za kiangazi hapa Dodoma humwagilia kwa ratiba waliyoizoea. Pampu ikiwashwa kwa muda wa saa mbili mwezi Julai, itawashwa kwa muda huo huo hadi Oktoba. Ikifika Oktoba majani yananyauka mchana, na lawama zinaangukia mbegu.

Sehemu kubwa ya maji tunayomwagilia haibaki ndani ya mmea. Huondoka kama mvuke, mengine juu ya udongo, mengine kupitia vitundu vidogo vya majani. Kasi yake hutegemea jua, joto, ukavu wa hewa na upepo.

Jua ndilo linaloongoza. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupiga utosini mara mbili kwa mwaka: mapema Oktoba na mapema Machi. La Machi mara nyingi hufunikwa na mawingu ya mvua. La Oktoba halina kizuizi.

Joto nalo lina nguvu, kwani hewa yenye nyuzijoto 30 inaweza kubeba mvuke karibu mara mbili ya ile yenye nyuzijoto 20. Ila ukilitazama joto peke yake utakosea. Februari mtu wa Tanga anatokwa jasho tangu asubuhi, lakini hewa ya pwani imeshashiba unyevu na hainyonyi maji kwa pupa. Dodoma, Julai unavaa sweta, na bado nguo uliyoanika asubuhi inakauka kabla hujala chakula cha mchana. Hewa ni kavu, na upepo unaiondoa ile iliyopata unyevu kwenye majani na kuleta kavu nyingine. Kwa asiye na vipimo, naiamini kamba ya nguo kuliko jasho la mwili.

Tufanye hesabu. Mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1998 huanza na maji yanayopotea kwenye nyasi fupi zilizostawi vizuri, kisha huzidisha kwa namba iliyopangiwa zao na umri wake. Nyanya changa hupewa 0.6, zikishabeba matunda, 1.15. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Tuchukue robo eka, yaani kama mita 1,000 za mraba. Siku ya Julai ambayo nyasi zinapoteza milimita 4.5, miche michanga itahitaji lita 2,700. Siku ya Oktoba ambayo zinapoteza milimita 6, nyanya zenye matunda zitahitaji lita 6,900. Kwa ndoo ya lita 20, tumetoka ndoo 135 hadi 345, shamba lile lile. Hapo sijaongeza yanayovuja mferejini.

Matandazo ya nyasi kavu hupunguza yale yanayopotea juu ya udongo, hasa mimea ikiwa bado midogo. Majani yakishafunika tuta, faida hiyo inapungua, kwa kuwa sasa anayekunywa zaidi ni mmea wenyewe.

Halafu kuna manyunyu ya kwanza ya Novemba, ambayo huwafanya wengi wazime pampu siku tatu. Mvua ya milimita 5, hata ingeingia yote ardhini, haifikishi mahitaji ya siku moja ya nyanya hizo.